Hajui na Hasemi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa taipureta, chupa ya gundi na masanduku matano ya viatu. Nilidhani nimekosea mlango. Tangazo lilisema chuo kikuu kinataka mpiga chapa, nami nilikuwa nimevaa sari yangu ya hariri kwa heshima ya chuo kikuu, si ya duka la viatu.

"Viatu vimekwisha," Daktari aliniambia bila kucheka. "Humo ndani mna lugha."

Huyo Daktari, wa elimu ya lugha si wa hospitali, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi, Mwingereza mwembamba, mrefu kama mnazi, aliyeishi miaka mingi huko Papua milimani. Mimi nilikuwa nimeingia London majuzi tu, pamoja na Wahindi wenzangu tuliokuwa tukihama Afrika Mashariki, na hata koti la baridi nilikuwa nimeazima. Mombasa nilikuwa karani wa wakili. Papua sikujua iko upande gani wa dunia, na sikuthubutu kuuliza.

Nyinyi vijana mtabonyeza kitufe na kompyuta iwafanyie yote. Sisi tulifanya kwa vidole. Kila sanduku lilikuwa lugha moja, kila kadi neno moja. Zilikuwa lugha tano ndogo, za vijiji vichache vya huko Papua, kando ya mto mmoja, na kazi yetu ilikuwa kujua kama zina undugu. Tulianza na maneno ya msingi, yaani yale ambayo kila mtu anayo na hayabadilishwi ovyo: maji, moto, jicho, mama. Kisha tukatafuta mlingano wa sauti. Hilo nililielewa pale pale, maana nimekulia jirani na Wagiriama. Sisi husema tatu, wao husema hahu. Sisi mti, wao muhi. Penye t yetu pana h yao, tena si mara moja. Neno moja linalofanana laweza kuwa limeazimwa sokoni, lakini mpangilio ukijirudia hivyo, hao wametoka tumbo moja.

Lugha nne zilikubaliana vizuri. Ya tano ilikuwa na kichwa kigumu. Maneno yake ya msingi, ambayo ndiyo yangetakiwa kutulia, yalikuwa yamekaa shaghalabaghala. Mkuu wa Idara, mzee mmoja mpole mwenye kiko, alikuwa akichungulia mlangoni na kusema, "Itoeni hiyo ya tano. Si ndugu wa hizo."

"Bado," Daktari alimjibu kila mara, na mzee akaenda zake na moshi wake.

Siku moja Daktari alinisikilizisha mkanda wa sauti alioutoa kule. Mwanamke wa kijiji cha lugha ile ya tano anaulizwa neno la moto. Kimya. Halafu anacheka kidogo, anamwita jirani yake, na jirani ndiye anayelitaja.

"Huyu wa kwanza utamwandikia nini kwenye kadi?" Daktari akaniuliza.

"Hajui," nikasema.

"Hajui moto? Anapika kila siku, Kusum!"

Ndipo aliponieleza. Kule mtu hatamki jina la mkwewe, wala neno linalofanana nalo. Baba mkwe akiitwa Moto, wewe moto utauita kwa neno jingine, mara nyingi la kijiji cha jirani. Basi neno la nyumbani linafichwa na neno geni linakalia kiti chake, na mchunguzi mwenye haraka atasema lugha hizi hazina undugu.

"Hajui na hasemi ni vitu viwili," akasema. "Asiyejua, piga mstari. Asiyesema, chora duara, kisha tafuta wa kumuuliza."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Daktari, huyo ni mama yangu mzazi!" Nikamsimulia. Ba, yaani mama kwa Kigujarati, hakuwahi kutamka jina la baba tangu aolewe. Alimwita Babake Kusum. Mteja akiuliza mwenye duka anaitwa nani, Ba alinyoosha kidole kwenye kibao cha mlangoni. Kwa wanawake wa rika lake hiyo ndiyo heshima. Daktari aliniletea chai kwa mkono wake, akaniambia nisimulie tena.

Baba alikuwa amefariki, na Ba alibaki Mombasa peke yake. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Uingereza, lakini wao wawili walikuwa wamechukua uraia wa Kenya ili duka lisifungwe. Ba akaja kunitembelea, nikaomba abaki nami. Sikuwa na ndugu mwingine, naye hakuwa na mtoto mwingine. Watu wa uhamiaji wakikataa, anarudi kwenye nyumba tupu.

Akaitwa kuhojiwa. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na jina la baba, ila cheti cha ndoa hakikuwapo, maana waliozwa kijijini Gujarat, India, wala hapakuwa na karatasi nyingine ya kuonyesha kwamba yeye ndiye mke wa mtu huyo. Kwa hiyo afisa wa uhamiaji akamuuliza, kupitia mkalimani, swali jepesi kuliko yote: "Marehemu mume wako aliitwa nani?"

Ba akanyamaza. Akaulizwa tena, akatazama sakafu. Afisa akaniita ndani. Nilimweleza desturi yetu, naye alinisikiliza kwa adabu.

"Wewe ni mhusika," akasema. "Niletee mtu asiye wa familia. La sivyo nitaandika kwamba hajui."

Nyumbani nilimsihi Ba. Nililia, hata nikamgombeza, Mungu anisamehe. Akanishika mkono. "Mwanangu, nimekaa naye maisha yangu yote bila kumvunjia heshima. Nimvunjie leo amelala, hawezi hata kunijibu?"

Kesho yake nilipiga chapa huku kadi zikilowa machozi. Daktari akaona. Nilipomwambia afisa anataka kuandika "hajui", hakuniuliza la pili. Alichukua koti lake. "Twende," akasema.

Kwa afisa hakutoa hotuba. Alimweleza kwa maneno machache alivyofanya kazi kule milimani, kisha akasema, "Usimwombe alitamke. Litamke wewe. Taja majina ya Kihindi unayoyajua, jina la mumewe lililo kwenye cheti litie katikati, na umtazame yeye."

Mimi nilikalishwa nyuma, nimegeuzwa uso ukutani, nisije nikamkonyeza. Nikawa nasikia tu. "Ramesh." Kimya. "Jayant." Kimya. "Maganlal." Bangili za Ba zikalia. Afisa akaendelea na mengine, bangili zikatulia. Akarudi, taratibu sasa: "Maganlal." Bangili zikalia tena.

"Geuka," afisa akaniambia. Nikageuka. Ba alikuwa amevuta sari ikamfunika mpaka kwenye nyusi, amegeukia pembeni kama bibi harusi. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

"Inatosha," afisa akasema, akaandika. Ba akabaki.

Tangu hapo kila Ijumaa Ba alinipa chapati za uwatu nimpelekee Daktari, na kadi nyingi za lugha ile ya tano zina madoa ya manjano hadi leo. Kwa barua na mikanda tuliwatafuta kule Papua watu wa kuulizwa, mmoja baada ya mwingine, wenye wakwe wa majina mengine. Maneno yaliyofichwa yakatoka, mlingano ukakaa sawa, na Mkuu wa Idara akaja mwenyewe kusema, "Basi ni ndugu." Mradi ulipokwisha nilihamishiwa hifadhi ya mikanda, na huko ndiko nilikostaafia. Ba alifariki nyumbani kwetu Lewisham, katikati ya wajukuu waliomjibu Kiingereza, na jina lile hakulitamka mpaka mwisho.

Kazi ile ilinilisha, ikanisomesha, ikanipa mama yangu. Nashukuru, na sioni haya kulisema wazi.

Mjukuu wangu amesoma kurasa hizi akaniuliza mbona Daktari sikumtaja jina hata mara moja, au nimezeeka nimesahau? Nilichukua kalamu yake, na pembeni ya neno Daktari nikachora duara.