Funda la Maji

Mimi sikutaka kukaa mbele. Hilo nalisema mapema mtu asije akanilaumu. Nilitaka tukae katikati, karibu na dirisha, mahali ambapo mume wangu angeweza kusinzia au kukasirika bila watu kumwona. Lakini msichana wa mlangoni alipoona koti la suti, kofia na bakora, akasema, "Shikamoo mzee, shikamoo mama, wazee wetu wanakaa mbele," akatupeleka mpaka safu ya kwanza ya viti vya plastiki. Sasa wewe utakataa heshima? Tukakaa.

Ulikuwa ukumbi wa kanisa hapa Voi, mchana wa saa nane, na joto lilikuwa lile la kukufanya ujute kuvaa soksi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa nyimbo: watu wanaigiza kidogo, wanaimba, wanacheza ngoma, halafu wanaigiza tena. Ni mchezo wa zamani. Shule moja ya huku milimani iliwahi kuucheza watoto wangu wakiwa wadogo, na sisi wazazi tulikuwa tunaziimba zile nyimbo hata jikoni. Sasa kikundi cha vijana kimeuchukua upya, na dairekta wao, kijana wa Nairobi mwenye nywele za kusokota, ameugeuza apendavyo. Siku hiyo haikuwa ya uzinduzi. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa mbele ya watu, kwa kujaribu tu, wajue tunacheka wapi na tunapiga miayo wapi, ndipo wauzindue Jumamosi na kuondoka nao kwenda Mombasa. Na yule msichana mwenye kuimba kuliko wote humo ndani ni kitinda mimba wangu.

Baba yake alikuwa hasemi naye.

Binti alikuwa chuo cha uuguzi. Baba yake ndiye aliyempeleka, amevaa koti hilo hilo, na godoro akalibeba begani mwenyewe, mtu mzima aliyestaafu kazi ya afisa wa mifugo, aliyezoea kupokewa kwa heshima kote Ndara. Kanisani kwetu Mbololo alisimama mbele ya watu akaomba tumshukuru Mungu, kwamba si muda tutakuwa na nesi nyumbani. Mwaka wa pili mtoto akaacha, akafuata kuimba, na hakumwambia baba yake. Alikuja kuambiwa pale pale kanisani, watu wakitoka ibada, mama mmoja alipomwuliza, "Eti nesi wetu siku hizi ni mwimbaji?" Baba yao akacheka na huyo mama, akaja nyumbani, akala chakula chake chote. Tangu siku hiyo hajamtaja binti kwa jina. Akimtaja ni "mtoto wako." Mtoto wangu! Utadhani nilimwokota sokoni.

Nimesema naye mpaka nikachoka. Nimenyamaza naye. Nimempikia kimanga, ile mihogo ya kupondwa na maharagwe, kwa maziwa kama anavyopenda, akala, akashukuru, akaenda kulala. Binti naye hakuwa akipiga simu ya baba yake, alikuwa akipiga yangu na kuuliza, "Yuko karibu?" Nikisema yuko, anakata. Wote wawili wana kichwa kimoja, kigumu kama jiwe la kusagia, na mimi niko katikati nikisagika. Kumleta siku hiyo nilitumia ujanja. Nilimwambia nitaenda peke yangu na nitarudi peke yangu, na yeye anajua vile tembo wanavyoshinda karibu na ile njia. Akavaa koti.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Sisi Wadawida tunaamini, na hata waliookoka wanaamini ingawa hawatakwambia, kwamba hasira ya mzazi ikikaa moyoni haikai bure. Inamfuata mtoto. Dawa yake ni kutasa. Mzazi anachukua funda la maji, zamani ilikuwa pombe ya miwa, anayapuliza kwa mdomo yamnyunyizie mtoto, halafu anasema kilichokuwa moyoni mwangu kimetoka, nenda salama, ulale salama. Basi. Lakini kuna sharti, na sharti hilo hata mtoto mdogo wa huku analijua: hutasi na moyo mchungu. Ukisema kimetoka na bado kimo, umemgeuzia mtoto wako baraka ikawa kitu kingine.

Binti huyu alitaswa mara nyingi na baba yake. Kila akienda shule ya bweni, alfajiri, mlangoni, sanduku likiwa tayari nje. Alikuwa anainama, maji yanamwangukia shingoni, naye anaruka kwa kutekenyeka na kulia, "Baba, baridi!" Siku ya kwenda chuo cha uuguzi alitaswa pia. Siku ya kwenda kuimba hakutaswa, maana aliondoka kimya kimya.

Ngoma zikaanza. Hadithi ya mchezo ni nyepesi: jua limekausha vijito vya mlimani, na msichana mmoja anajitolea kushuka nyikani kutafuta maji. Binti yangu akatoka na kitambaa cha bluu nilichokipinda mimi mwenyewe kwa cherehani yangu. Alipofungua mdomo, jamani, nilisahau joto. Nilimwangalia baba yao kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshika bakora kwa mikono miwili, na kidole gumba kimoja kilikuwa kinafuata ngoma. Kidole tu. Nikasema moyoni, asante Mungu, kimeanza kulegea.

Ikafika mahali pa msichana kuagwa na baba yake kabla ya kushuka. Mchezo wa zamani hapo mwalimu mmoja alikuwa akivaa ndevu za pamba, anatema maji hewani, sisi tunacheka. Huyu dairekta mpya akaona hapana, yeye anataka kitu cha kweli. Akatoka pembeni na kipaza sauti, akasema katika mchezo wao mpya baba atakuwa anatoka kwa watazamaji, mzee halisi wa mahali walipo, amtase msichana kwa mdomo wake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Na macho yake yakatua wapi? Kwenye kofia, koti na bakora, safu ya kwanza.

"Mzee wetu hapa, karibu sana jukwaani!"

Yule kijana hakujua. Namtetea kwa hilo, hakujua ni baba wa nani, na binti alikuwa amerudi nyuma ya pazia. Lakini ingekuwa mtu wa kwetu amelelewa huku, asingethubutu. Huwezi kumwita mtu kutasa kama unavyomwita kuonja supu. Unamwuliza kwanza, mlangoni kwake, polepole, kama moyo wake ni mweupe. Nilitaka kusimama niseme huyu ana mguu mbaya, huyu ana presha, huyu ni mgeni kutoka Bomeni. Badala yake nilishika pindo la koti lake, akalitoa mkononi mwangu kwa upole kabisa, akasimama. Mzee wa Kidawida aitwe mbele ya halaiki, apigiwe makofi, akatae? Miguu yenyewe ilimpeleka.

Wakampa kibuyu. Binti akaingia akiwa ameinamisha kichwa, kama walivyofunzwa, akaja akapiga magoti. Macho yake yalikuwa chini kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona ni viatu. Vile viatu nilivipiga rangi mimi asubuhi, na anavijua tangu utoto wake. Niliona mgongo wake ukishtuka. Hakuinua uso. Alivuta kitambaa cha bluu pembeni akaacha shingo wazi, akangoja.

Baba yao akainua kibuyu akachukua funda. Mashavu yakajaa. Ngoma zikanyamaza, ukumbi mzima ukanyamaza, hata watoto. Nilikuwa nimefunga mikono yangu yote miwili katikati ya magoti, nikisema kimoyomoyo, puliza, baba, puliza tu, Mungu atayapanga maneno. Alimwangalia ile shingo. Alimwangalia kwa muda mrefu, na mimi niliyeishi naye miaka yote hii nikaona anatafuta ndani yake, anatafuta kweli kweli, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo. Halafu koromeo lake likapanda, likashuka.

Alimeza.

Akaweka kibuyu chini taratibu kisipinduke, akashuka ngazi, akaja akakaa karibu nami. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Wengine wakapiga makofi wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Binti alibaki amepiga magoti, shingo wazi na kavu. Mpiga kinanda akarudia mwanzo wa wimbo, akarudia tena, akiangaliana na wenzake. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake na nilikuwa bure kabisa. Ukimwona mtoto wako ameanguka barabarani unakimbia. Hapa ningekimbilia nini, na watu wamelipa viingilio?

Akaimba. Alianza chini sana, tukadhani sauti imekatika, halafu akapanda. Sijawahi kumsikia akiimba namna ile na sitaki kumsikia tena. Wanawake nyuma yangu walikuwa wakifuta machozi na kusifu, "Huyu msichana ana kipawa!" Nilitaka kugeuka niwazabe makofi. Kipawa gani? Mtoto analia hapo.

Mchezo ulipokwisha baba yao akatangulia nje kusimama kivulini. Dairekta akamfuata mbio, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, umetufundisha! Ile kumeza! Hakuna mtu angeandika hivyo!" Baba yao akamwambia, "Samahani kijana, nimewaharibia." Yule akacheka akidhani ni unyenyekevu.

Mimi nikazunguka nyuma ya ukumbi, kwenye tangi la maji, nikamkuta binti anaosha uso.

"Mama, alimeza?"

"Alipaliwa," nikasema. "Unajua kifua cha baba yako."

"Mama, usinidanganye. Nilisikia."

Nikachukua kanga yangu nikamfuta, na nilipofika shingoni akanizuia mkono.

"Dairekta anataka tuiache hivyo hivyo. Kila onyesho. Watatafuta mwigizaji mzee awe anameza."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sawa. Si umeona watu walivyopiga makofi?" Akajaribu kucheka. "Ni kazi, Mama. Hata nesi angezoea damu."

Nilimwambia afunge kitambaa vizuri, pindo linaachia. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata, wallahi, pindo.

Njiani baba yao alisema mara moja tu. Alisema, "Ulitaka nimtase uongo? Mtoto wangu?" Nilikuwa nimengoja muda mrefu kusikia neno hilo, mtoto wangu, na lilikuja siku isiyo na faida.

Jumamosi nilienda peke yangu. Huyo mwigizaji wao alikuwa na koti na kofia na bakora, wameiga kila kitu. Alichukua funda, akaangalia, akameza. Watu wakasimama wima kwa makofi. Binti akaimba, safi, bila kukosea. Kesho yake wakapanda gari kwenda Mombasa, na baada ya hapo Nairobi, na baada ya hapo sijui, Mungu ndiye anajua. Kwangu alipiga simu kuniaga.

Juma lililofuata niko jikoni namenya mihogo, baba yao akaja akasimama mlangoni. Alikuwa amenyoa ndevu. Alizungukazunguka maneno, akauliza habari za mvua, akauliza habari za mbuzi, halafu akauliza, "Yule mzee wao wa sasa. Anamnyunyizia?"

"Anameza," nikamwambia.

"Anameza! Kila siku?"

"Kila siku."

"Nani amewafundisha upuuzi huo?"

Niliweka kisu chini. "Wewe."

Akavuta kigoda akakaa. Nilidhani atafoka, nami nilikuwa tayari, siku hiyo ningemjibu yote. Hakufoka. Alikaa akiangalia mikono yake, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kimetoka, mama watoto. Kilianza kutoka ile siku, pale alipoimba. Nilikuwa nimeshameza."

"Basi mpigie simu umwambie!"

"Nitamwambia nini kwa simu? Hii haifanywi kwa simu. Mtoto lazima awepo. Maji yamwangukie."

"Atakuja lini? Hata yeye hajui."

"Hata yeye hajui," akarudia.

Akachota maji mtungini kwa kikombe, akakiweka mezani karibu na simu yangu, hakuyanywa. Nikaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inaelekea saa kumi, na Mombasa, kwenye onyesho lao la mchana, walikuwa wanafika pale pa kupiga magoti.