Maktaba Iliyokataa Kuitika

Duka letu lilikuwa Katandala, huku juu Ufipa, kwenye vile vyumba vya barabarani ambavyo asubuhi upepo unavipiga mpaka mabati yanaimba. Kibao cha nje kiliandikwa steshenari. Ndani kulikuwa na kompyuta mbili za mtumba zilizopitia mpakani Tunduma, na printa moja iliyopenda kutafuna karatasi. Mwenye duka alikuwa karani wa shirika la umma. Shirika lilipouzwa, wenzake wengi walirudi kwenye mahindi. Yeye kiinua mgongo chake akakinunulia kompyuta. Mtaa mzima ulimcheka. Mimi nilimpenda kwa hilo hilo, maana nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hatukuyazungumzia, na yeye hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama naweza kukaa kwenye kiti bila kusinzia.

Kumbe niliweza. Nilikuwa naota mchana macho wazi, na kompyuta haimkatazi mtu kuota.

Katika moja ya zile kompyuta, mwalimu mmoja wa hesabu, mgeni wa kujitolea, alikuwa ametuachia lugha ya kuiamrisha mashine. Lugha yenyewe ina jina la nyoka mkubwa, basi sisi tukaiita chatu. Ilinifurahisha sana. Unaandika mstari, chatu anausoma na kuutenda papo hapo, kama mkalimani anayesimama kati yako na mtu usiyemwelewa. Nikimwambia ajumlishe, anajumlisha. Nikimwambia aandike shikamoo mpaka kioo kijae, anaandika wala haguni. Mama ntilie wa chumba cha pili alipotusikia akaja mlangoni na mwiko wake.

"Mnafuga chatu humu, na mimi nauza chakula hapo jirani?"

"Huyu hali watu, Mama. Anakula umeme tu."

"Basi atakufa njaa. Umeme wenyewe unatoka Zambia, unakuja ukijisikia." Akacheka, akavuta pembe ya khanga na kuziba mdomo. Ndivyo alivyocheka siku zote, kama mtu anayeficha kitu kitamu asikigawe.

Mama huyo ndiye aliyenilisha miaka ile, ugali wa ulezi na maharage, nami nilimhesabu mzazi. Yeye mwenyewe mama yake hakumjua. Mzazi huyo alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na picha hata moja haikubaki. Sura ile aliijua mtu mmoja tu aliyebaki hai, kaka yake mkubwa, anayelima kule bondeni Ilemba, na macho ya kaka yalikuwa yanaingia ukungu mwaka hadi mwaka. "Siku akishindwa kuona kabisa," aliniambia akiwa anapepeta mchele, "mama yangu atakuwa hana wa kumtambua."

Halafu zikaja zile picha. Sista mmoja mzee, aliyefanya kazi parokiani zamani na kurudi kwao, alituma sidii ya picha za kale za vijiji vya Ufipa. Paroko akasema zimo za akina mama wa kijiji cha wazazi wa Mama ntilie, wakiwa kwenye mavuno ya ulezi. Parokia haikuwa na kompyuta, akatuletea sisi. Picha zilihifadhiwa kwa namna ambayo programu zetu hazikuifahamu, lakini aliyeziandaa alikuwa mtu wa huruma: humo humo aliweka programu fupi ya chatu ya kuzifungulia, pamoja na maktaba yake.

"Maktaba?" Mama akauliza. "Vitabu viko wapi?"

Nikamweleza kwa vitu vya jikoni kwake. Maneno ninayoandika mimi ni ulezi mzima. Chatu anausaga punje kwa punje wakati wa kula. Kwa kazi ndogo si neno. Lakini picha ni kazi nzito, utakaa na njaa. Ndiyo maana mafundi huandika sehemu hiyo kwa lugha nyingine na kuisaga kabisa, inakuwa unga, faili moja ambalo mashine inalimeza bila mkalimani. Hilo ndilo maktaba. Chatu akifika kwenye kazi nzito, analiita lije limsaidie.

"Sasa mwite basi," akasema Mama.

Tatizo lilikuwa kuita.

Lazima nieleze kidogo habari za Mzee, yule mwenye duka. Kule shirika alikotoka, kila jalada lilikuwa na jina juu yake, la Kiswahili safi, na mtu yeyote angeweza kulipata. Aliileta dini hiyo dukani. Kila faili lililoingia kwenye kompyuta yetu alilibatiza kabla halijapoa. "Humu ndani hakuna kitu kitakachokaa na jina lisiloeleweka," alisema. Basi aliponakili ile sidii alibadilisha majina yote, maktaba ikawa picha, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu akaniagiza nirekebishe na ule mstari wa programu unaoiita. Tukairudisha sidii kwa paroko, tukatuma salamu Ilemba kwamba kaka aje.

Alikuja na lori la mizigo, na lori lile lile lingeshuka bondeni alasiri. Nyumbani alikuwa ameacha mpunga unakauka uwanjani. Alitoka kwenye joto la Ilemba na shati jepesi, upepo wa juu huku ukamtetemesha mpaka Mzee akamvika koti lake mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwenye nyoka?"

Akakaa nje kwenye benchi, juani. Mimi nikaingia ndani, nikamwamuru chatu aanze. Akanijibu kwa Kiingereza, nikaufasiri ule ujumbe neno kwa neno kwa kamusi: maktaba ya picha nimeiona, lakini ndani yake sioni mahali pa kuanzishia picha.

Nikajaribu tena. Nikazima, nikawasha. Mzee akasimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu.

"Anasema ameiona?"

"Ameiona, Mzee."

"Sasa kama ameiona anataka nini tena? Apewe na soda?"

Nikashuku yale majina tuliyobadilisha, nikamtuma dereva wa bodaboda parokiani akaulize ile sidii yenye majina ya awali. Akarudi na jibu kwamba paroko ameenda vigangoni na mkoba wake wote, sidii ikiwemo, hatarudi kabla ya Jumapili. Jina la kwanza la lile faili hakuna aliyelikumbuka. Lilikuwa fupi, la Kiingereza, lisilo na maana kwetu. Mzee akalitafuta kichwani akikuna shingo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya kaka yake, chakula kinapoa, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana utani.

"Mwanangu, isipofunguka useme tu. Nitaelewa."

Nilikodoa macho kwenye kioo ili asiyaone.

Mzee, ili afanye jambo lolote, akatoka mlangoni kumwita mgeni aje ndani kwenye joto. Akamwita kwa jina la ubatizo, lile Mama alilotutajia. Mjomba hakugeuka. Akamwita tena, kwa sauti ya ofisini. Mjomba akaendelea kutazama barabara, mikono ndani ya mikono ya koti.

"Na masikio nayo?" Mzee akanong'ona.

"Masikio mazima," Mama akasema. "Hilo ni la kanisani. Alipewa ukubwani, wakati wa ndoa. Hajalizoea mpaka leo." Akatoa kichwa nje, akaita kwa Kifipa jina la nyumbani. Mjomba akainuka mara moja. "Nipo!"

Nikabaki na vidole hewani.

Chatu alikuwa amefanya kama Mzee. Ameita kwa jina tulilobandika sisi nje, na mle ndani kuna kitu kimekaa kimya, kinangoja jina lake la nyumbani. Basi jina hilo lazima limo humo. Nikalifungua lile faili kama barua ya kawaida, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha. Kioo kikajaa takataka: vijiboksi, alama, herufi zilizogombana. Unga hausomeki. Lakini katikati ya unga kulikuwa na punje zilizobaki nzima, maneno mazima mazima, nikateremka polepole hadi nikaliona lile neno la kuanzishia, na mgongoni limebeba jina fupi la Kiingereza.

"Hilo!" Mzee akapiga kelele. "Hilo hilo! Nililifuta kwa mkono wangu!"

Nikalirudishia faili jina lake, nikarekebisha na mstari. Chatu akaita. Maktaba ikaitika.

Picha ilishuka kuanzia juu, mkanda kwa mkanda: anga, kisha milima ambayo sote tuliitambua, kisha vitambaa vya vichwa, kisha nyuso. Akina mama wamesimama na nyungo zao, ulezi umetandazwa miguuni. Mjomba akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akaanza upande mmoja, akipita kila mmoja taratibu kama anayesalimia msibani. Honi ya lori ikalia barabarani. Hakuna aliyetikisika.

Akafika kwa mmoja aliyegeuza uso kidogo. Mpiga picha alikuwa amemchekesha, naye alivuta pembe ya nguo akaziba mdomo. Yalionekana macho tu na shavu moja.

"Huyu," mjomba akasema.

"Una hakika, kaka? Sura haionekani yote."

"Nani aliyewahi kuiona yote akicheka?"

Mama alicheka, au alilia, sijui, maana alikuwa ameshaziba mdomo. Mzee akamtazama yeye, akatazama kioo, akavua miwani akaifuta kwa tai.

Nilitoka kwenye kiti ili Mama akae. Mzee akauliza, kwa adabu ambayo sijaisikia kwake tena, picha hii tuihifadhi kwa jina gani. Mama akasema hajui, yeye kila mara alisikia watu wakisema marehemu mama yenu, basi. Mjomba akainama na kulitaja, jina la nyumbani la mama yao, la Kifipa, ambalo Mama hakuwahi kulisikia.

Siku hizi chumba kile wanauza makava ya simu, na nikipita nasikia mabati yanaimba vile vile. Ninachokiona mimi ni Mzee wa siku ile, ameinama juu ya kibodi, akilipiga jina lile kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku Mama akilirudia polepole nyuma yake, na dereva wa lori naye amesimama mlangoni, kofia mkononi, ameacha kupiga honi.