Kuinuka Mkekani

Leo nikikaa chini siinuki mpaka waje watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na mimi katikati nikiwaelekeza kwa ukali, maana sina subira na mtu anayenishika kwapani kama anayepakia gunia. Sioni haya kulisema. Nilikuwa na miaka yangu ya kuinuka mwenyewe, na niliitolea jasho kuliko wengine walivyolitolea shamba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, kule Mtwara, na kila nikiikumbuka roho inalainika, hata kwa yale yaliyoniuma.

Ugonjwa ulianzia kwenye nyonga. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi Mahurunga kwa mama yangu mzazi, tukilima mpunga bondeni na korosho juu. Kwanza nilishindwa kupanda dungu la kuwingia ndege. Nikasema ni uchovu wa uzazi, kwani nilikuwa nimejifungua mtoto wa kike. Halafu nikaanza kuinuka kwa mikono: naweka viganja magotini, navipandisha mapajani, moja, jingine, mpaka nyonga zinafunguka nasimama. Nilikuwa kama mtu anayekwea mnazi, na mnazi wenyewe ni mimi. Mganga wa kwanza alisema nimetupiwa jini. Wa pili alisema nimekanyaga dawa ya mtu. Mume wangu hakungoja wa tatu. Alikwenda Tanga kukata mkonge, zikaja barua mbili, kisha hazikuja tena, nami sikumtafuta.

Siku moja wakati wa palizi nilikuwa nimechutama shambani, mtoto nimemfunga mgongoni kwa kanga. Alikuwa na miezi minane. Nikataka kuinuka. Nyonga zikakataa katikati, nikaenda upande, na kichwa chake kikagonga kisiki. Hakulia mara moja. Ule muda kabla hajalia sijausahau mpaka leo, na nadhani nitakufa nao.

Mama alikuja mbio, akamfungua, akamtazama kila mahali. Ilikuwa nundu tu, lakini hakunirudishia mtoto.

"Simchukui," aliniambia, naye analia. "Namhifadhi. Nenda mjini kwa dada yangu, hospitali ipo. Siku utakayoinuka mkekani naye mgongoni, hujashika kitu, mchukue. Kabla ya hapo hapana, mwanangu."

Mama yangu akishasema amesema. Niliondoka na kanga ile ile, haina mtu ndani yake.

Mama mkubwa alikuwa akiishi mtaa wa Rahaleo, Mtwara mjini, nyumba ya udongo na makuti iliyopakwa chokaa mbele tu, pale watu wanapoona. Alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa mtaa ule aliwafunda yeye, kwa hiyo akipita hakuna aliyethubutu kukaa vibaya. Asubuhi alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuuza, jioni aliketi barazani akihukumu mwendo wa wapita njia. Mwendo wangu ulimtia aibu. Ugonjwa huu humyumbisha mtu: kila hatua kiuno kinakwenda upande wake. Vijana wa bandarini walipiga miluzi, na wake za watu wakasema huyu wa Mahurunga amekuja kujinadi. Mimi nilikuwa natembea ili nisianguke, wao wanaona madaha. Nilitukana watu wengi mwaka ule.

Hospitalini nilipelekwa kwa bwana mmoja, mtu wa Bukoba, aliyekuwa akiwafundisha kutembea majeruhi wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Tulimwita Bwana Mazoezi. Aliniangalia nikiinuka, akaniomba nirudie, akavua miwani.

"Dada, sitakudanganya," alisema. "Ugonjwa huu hauponi, na utaendelea. Misuli iliyokwenda haitarudi. Iliyobaki tunaweza kuipa nguvu kidogo, na kuilinda isiondoke haraka."

"Kidogo hicho kitaniinua na mtoto?"

"Sijui. Tujaribu."

Nilimpenda kwa lile sijui. Waganga wote walikuwa wanajua.

Akatandika jamvi pale ukumbini. Akalala chali yeye mwenyewe, shati lake jeupe na tai, akakunja magoti, akainua nyonga juu, akazishikilia, akazishusha taratibu. Akageuka ubavu, akainua mguu wa juu. Mimi nilikuwa nafuatilia kwa makini. Mama mkubwa, aliyekuwa amenisindikiza, alijifunika uso kwa ushungi, akanishika mkono, tukatoka bila kuaga.

"Mwanamume mzima!" alikuwa akisema njia nzima. "Analala chali mchana kweupe, anafundisha kiuno! Nani kamfunda huyo?"

Kwa mama mkubwa hakukuwa na mazoezi. Kulikuwa na mambo ya nyumba ya unyago, na mambo hayo yana mwenyewe. Mwanamume anayeingilia hutozwa kuku. Kesho yake aliwatuma wanawake wawili hospitalini wakadai kuku mweupe. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua Bwana Mazoezi atakasirika, na mlango wangu wa kurudi kwa mwanangu utafungwa kwa ajili ya kuku.

Jioni yule bwana alikuja mwenyewe, kuku kwapani, tai ameivaa, na kuku ameshamchafulia shati. Akavua viatu mbali na baraza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umejua kosa lako?"

"Sijalijua vizuri, mama, lakini kuku huyu hapa. Mimi nimefundishwa na kitabu. Nasikia wewe una wanawake wa miaka sitini wanaoinuka chini bila kushika kitu. Wamefanyaje?"

Mama mkubwa alimpokea kuku, akamgeuza, akamtazama miguu. Naona hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumuuliza swali.

"Kaa," akamwambia. "Wewe sema mguu uende wapi na kwa nini. Atakayemfundisha ni mimi, ndani, na wewe hutaingia."

Ndivyo tulivyoanza. Bwana Mazoezi alikuja kila wiki, akakaa barazani na kikombe cha chai ya mchaichai, akauliza kupitia dirishani, "Amefika ngapi?" Ndani mama mkubwa alinihesabia kwa kupiga kibuyu, mdundo wa polepole, juu ninapopanda, chini ninaposhuka. Mdundo ulinisaidia kuliko hesabu. Mengine aliyonifundisha ya kukaza na kulegeza siyaandiki hapa. Niliapa, na hata nisingeapa si ya kuandikwa.

Kosa tulilifanya pamoja. Katika unyago mwali hahurumiwi. Akisema nimechoka anaongezewa, kwa sababu uchovu ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Mama mkubwa alikuwa amewafunda watu miaka thelathini kwa sheria hiyo, na mimi nilikuwa na haraka yangu. Tukaambiwa kumi, tukafanya arobaini. Tukaambiwa siku moja fanya, siku moja pumzika, tukafanya asubuhi na jioni. Misuli iliwaka moto, sisi tukashangilia. Wiki ya tatu niliamka siwezi kushusha miguu kitandani. Kwenda chooni nilibebwa.

Bwana Mazoezi alipofika sikuwahi kumwona amekasirika namna ile. Hakupaza sauti, alikuwa akiongea na kikombe chake.

"Mama, mtu mzima wa afya ukimchosha, mwili unajenga upya. Huyu ukimchosha hana cha kujengea. Unakula mbegu. Msikilize asubuhi: akiamka mchovu kuliko jana, jana mlizidisha."

Alipoondoka mama mkubwa aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanikanda miguu muda mrefu bila kunitazama. "Nimekuharibia," alisema. Nilitaka kumjibu kwamba tumeharibu wote, lakini nilikuwa na hasira, nikanyamaza. Najuta kwa ukimya ule zaidi kuliko kwa mazoezi yenyewe.

Ilichukua miezi miwili kurudi nilipokuwa. Toka hapo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, aliuliza "Umeamkaje?" na hakuwa anasalimia, alikuwa anapima. Nikisema vizuri, kibuyu kilipigwa. Nikisema hivyo hivyo, nilikaa naye kwenye ming'oko, tukala iliyovunjika. Siku hizo za kukaa ndizo ninazozitamani mpaka leo. Harufu ya korosho zilizochomwa inakuja toka nyumba ya pili, majirani wanapita na habari zao, yeye ananifundisha kumjua mtu kwa kisigino. Sikujua kama nina furaha. Nilidhani nasubiri tu.

Bwana Mazoezi alinipangia viti. Nianze kuinuka kutoka kitandani bila mikono. Nikiweza, kwenye kiti. Kisha kwenye kinu kilichopinduliwa, kisha kigoda, kisha mbuzi ya kukunia nazi, mwisho mkeka. Kwenye mbuzi nilikwama, msimu mzima wa mabibo, mpaka mama mkubwa akawa anauliza mboga tuzipike kwa maji matupu au tuazime mbuzi ya jirani.

Nilipofika kwenye mkeka, mikono mapajani, maana mapaja yangu si kitu cha kushika, lakini nainuka, tukaongeza mzigo. Mama mkubwa alitia korosho ghafi kwenye gunia dogo, akanipakatisha.

"Alikuwa hivi?"

"Ongeza."

"Hivi?"

"Punguza kidogo. Hapo."

Mikono yangu ilikuwa inakumbuka kabisa. Akalishona, akanifunga mgongoni kwa kanga. Habari za mtoto zilinifikia kwa wachuuzi wa mchele: ameota meno, anasimama, anatembea, anasema. Kwenda kumwona sikuweza. Mvua ilikata barabara, nyuma ya lori nisingeweza kupanda, na mama aliagiza nisije kwani ng'ambo kulikuwa kunalia mabomu. Kila habari ilinifurahisha, kisha nikajifunga korosho zilezile.

Mwaka na nusu ulipita. Kiangazi, barabara ilipokauka, niliinuka mkekani na lile gunia mara tatu mfululizo. Mama mkubwa alimpigia vigelegele hata Bwana Mazoezi. Wakanitafutia lori, wakanipakia mbele kwa dereva.

Mama alinisikia nikishuka. Alikuwa ameshatandika mkeka uani. Hakuna aliyemwambia, alijua nimefuata nini. Nyuma ya doti yake alikuwepo mtoto aliyepita miaka miwili, mrefu, magoti yana vumbi, ananitazama kama mtu aliyekuja kudai kodi. Nundu ilishaisha zamani. Sikumtambua mara moja, na hilo liliniumiza kuliko yeye kutonitambua mimi.

"Haya," mama alisema.

Nikakaa. Akanifungia mtoto mgongoni mwenyewe. Mtoto alipiga kelele, akanisukuma, miguu yake ikaning'inia mpaka kiunoni. Nikapiga magoti. Nikaweka viganja, nikapanda, nikafika nusu, nikahisi nyonga zinatetema, na nilijua kabisa mahali pale, ndipo zilipokataa siku ile. Sikutaka kisiki cha pili. Nikashuka polepole, nikakaa.

"Nimeshindwa, mama."

"Nimeona."

Nikafungua kanga, mtoto akamkimbilia bibi yake. Nikainuka peke yangu, mkono huu, mkono huu, mpaka nikasimama. Niliinuka vizuri; sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mtoto alikuwa akinitazama. Akaja mkekani, akakaa, akaweka viganja vyake magotini, akavipandisha mapajani, moja, jingine, akasimama. Mama alinishika mkono. Wote wawili tulikuwa tunauliza swali moja, kama amerithi nyonga zangu, na hakuna aliyetaka kulisema. Mtoto akacheka, akajitupa chini tena, akaruka juu kwa miguu yake bila kugusa kitu, akakimbilia kuku.

Mama alikaa chini hapo hapo, akajifuta uso.

"Mchukue," alisema. "Niliyekuambia umbebe si huyu. Huyu anatembea."

Ndipo nilipoelewa. Mwaka na nusu nilijifunza kumbeba mtoto wa miezi minane, na yule hakuwepo tena popote duniani. Nilimlilia kama marehemu, mama akaniacha nilie.

Alasiri tulikwenda barabarani kungoja lori, mama mbele na kifurushi, mtoto kati, mimi nyuma na mwendo wangu. Katikati ya njia mtoto alichoka. Akasimama mchangani, akamtazama bibi yake aliyekuwa mbali, akanigeukia mimi, akanyoosha mikono yote miwili juu.

Kumwinua nisingeweza. Basi nikashuka mimi. Nikakaa pale pale katikati ya mchanga, naye akapanda mapajani, akaegemea kifua changu, mzito, wa moto, ananuka vumbi. Lori lilisimama kule mbele, dereva akapiga honi, mama akaita. Nikawaacha waite. Kuinuka nilijua nitainuka.