Kitufe cha Msiba

Baba alifariki Jumanne alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikalia mfukoni: "Leo ni zamu yenu ya maji." Ikaweka na kikatuni kinachocheka. Nikaizima. Shangazi akanitazama kama vile mimi ndiye niliyecheka.

Kijijini kwetu, juu milimani, ukiangalia chini unaona malori ya barabara kuu ya Hedaru kama siafu, mashamba tisa yanakunywa bwawa moja. Tunaliita ndiva. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, kila siku shamba moja, Jumapili halifunguliwi. Msimamizi wa zamu alikuwa baba, na daftari lake lilikuwa kichwa chake. Mwaka jana, kwa uchokozi tu, nilizipanga zamu zake kwenye programu ya bure niliyoipakua, nikitaka nimkamate amekosea. Programu yenyewe ilitengenezewa watu wanaopanga nyumba moja, wagawane zamu za kuosha vyombo. Mashamba nikayaandika kama sahani. Miezi minne sikumkamata hata mara moja. Mwishowe yeye ndiye akawa anawaambia watu, "Ngoja nimuulize karani wangu," halafu ananipigia mluzi.

Sasa kwetu akifa mtu, jembe halishikwi na ndiva haifunguliwi mpaka azikwe. Zamu zote husimama. Baada ya mazishi baba ndiye aliyekuwa anasema, "Tuanzie kwa fulani," na hakuna aliyebisha. Simu haikujua hilo. Jumatano ikampa maji jirani yetu wa juu, Alhamisi ikampa mwingine, na bwawa limefungwa. Kwa hesabu yake sisi tulikwisha kumwagilia Jumanne, na tungesubiri mzunguko mzima.

"Maharage yametoa maua," mama alisema Alhamisi, macho kwenye sufuria ya makande ya waombolezaji. Maharage yakikosa maji kwenye maua hayazai, na chakula chetu cha mwaka kilikuwa pale.

Ningeweza kusema simu imekosea. Lakini nani angeniamini? Shamba ni letu.

Nikatumwa kanisani kuazima viti. Pale ukutani ndipo mtandao unaposhika, nikafungua jukwaa la watumiaji wa ile programu. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu: "Programu yenu haijui kufa. Baba amefariki na inampigia kengele akamwagilie." Nilidhani ni kichekesho. Siku zile kila nilichosema nilidhani ni kichekesho. Sikuwa nasikia kitu chochote ndani, kama mdomo wenye ganzi ya kung'olewa jino.

Nikarudi na viti sita. Nilipotumwa kufuata vingine, majibu yalikuwa yameshafika. Mtu mmoja anayeishi kwenye milima mingine, nchi nisiyoijua, aliandika kwamba hata kwao mfereji husimama mtu akifa, na yeye huwa anazihamisha tarehe kwa mkono, moja moja. Akanieleza jinsi ya kufanya. Chini yake aliandika mmoja wa watengenezaji, mwanamke. Hakucheka. "Pole sana. Maji yanasimama kwa wote au kwenu tu? Zamu iliyokutwa na msiba inapotea au inangoja? Na nani anasema basi, tuendelee?"

Tangu Jumanne nilikuwa naambiwa jikaze, wewe ndiye mwanaume wa nyumba sasa. Huyu aliniuliza maswali matatu yenye majibu. Nikakaa juu ya kiti cha kanisa nikamjibu yote. Kwa wote. Inangoja. Alikuwa baba.

Ijumaa akasema wanaongeza kitufe cha kusimamisha zamu, akauliza kiandikweje kwa Kiswahili. Nikaandika: Msiba. Mtumiaji mwingine akapendekeza "Sitisha," eti ni neno la kistaarabu zaidi. Yule mwanamke akajibu, "Anayekitumia ndiye anayejua." Watu hawa hawalipwi na mtu. Niliwahi kuwaandikia kwamba kikatuni chao kinafanana na mwalimu wetu wa zamu, wakanijibu hata hilo.

Jumamosi tukazika. Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, nikiwa pale ukutani, toleo jipya la programu likaingia.

Baada ya ibada watu wa mashamba tisa wakasimama nje ya kanisa.

"Kesho nani?" aliuliza jirani wa juu.

"Shikamoo, mzee. Kesho ni sisi."

"Marahaba. Ninyi zamu yenu ilikuwa Jumanne."

"Jumanne tulikuwa na msiba, mzee."

"Najua, mwanangu, nimelichimba kaburi mimi. Lakini simu haina shamba. Wewe unalo. Simu inasemaje?"

"Haijaambiwa bado."

"Basi iambie, sote tukiona."

Wakanizunguka. Nikabonyeza kitufe. Ikauliza: Kuanzia lini? Nikaandika tarehe ya Jumanne, kwa sauti, kama mwalimu anavyosoma imla. Mpaka lini? Jumamosi. Sababu? Hapo paliruhusu kuachwa wazi. Nikapaacha.

Sahani tisa zikajipanga upya. Ya kwanza ikawa yetu.

Mzee aliishika simu akaisogeza mbali na macho, akahesabu kwa vidole majina yote, polepole, lake likiwa la pili.

"Ndivyo angesema mwenyewe," akanirudishia. "Kesho wahini. Ndiva imejaa inafurika."

Jumatatu sikwenda shule. Maji yalishuka na mfereji yakiwa na majani na povu, yakaingia kwenye jaruba la kwanza. Mama akaweka jiwe, akatoa jiwe. "Fungua huku," akasema. Nikafungua. Nikawaandikia wale watu, ujumbe usubiri mtandao: "Yamefika. Asanteni." Sikuweka utani, sikuwa nao.

Miguu ilikuwa ndani ya maji mpaka kwenye vifundo. Ilikuwa baridi, hilo nililisikia. Nikangoja kama litafuata jingine, la ndani. Halikufuata. Jaruba lilikuwa limejaa, nikahamia la pili.