Fundi Aliyekataa Kuuza

Nilipohamia Bihambwe, ng'ambo ya ziwa, kutoka Kigoma kufanya kazi ya ukunga, nilihitaji baiskeli ya kuwafikia wajawazito wa Kibabi. Nikaenda kwa fundi anayeuza baiskeli kuukuu kando ya barabara. Vidole vyake, vyeusi kwa grisi, havikutulia. Kila baiskeli niliyoigusa aliipindua, akazungusha gurudumu na kulitegea sikio, kama ninavyoliinamia mimi tumbo la mama. Kisha alinong'ona, akiongea na gurudumu zaidi kuliko nami: "Hapana hii, Mama. Freni haiko na nguvu. Huku kwetu kushuka njo inauwaka bantu." Breki, alimaanisha: kushuka mlima ndiko kunakoua watu.

Alikataa kuniuzia tano. Ya sita, nyeusi, ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba yake. Aliifuta taratibu, spoku moja moja, akaniuzia bila kuzungusha chochote.

Wiki iliyofuata nilimkuta akipanda mlima wa Kibabi kwa miguu, gunia la vipuri begani, jasho likimtiririka. Nikashuka baiskelini.

"Papa, leo baiskeli yako iko wapi?"

Aliinama, akabonyeza breki yangu mara mbili, akaridhika.

"Njo hii unashika, Mama," alisema, akaendelea kupanda.