Kichwa cha Mchora Piko

Fakhriya hakuwa mwanamke wa kulia ovyo, lakini Alhamisi ile asubuhi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bafuni, kichwa kimeinamia karai, akalia kama mtoto. Kichwa kilikuwa kinawaka. Si kuwasha kule kwa mba au kwa jasho la hijabu, maana kuwasha huko kila mwanamke wa Kariakoo anakujua, anajikuna kwa kalamu huku anamhesabia mteja chenji. Huu ulikuwa moto. Ngozi imevimba mpaka kwenye paji, masikio mazito, na kisogoni panachuruzika maji ya njano yanayogandisha nywele. Jana yake alikuwa amepaka nywele rangi nyeusi. Harusi ya binti yake Tasneem ilibaki siku tisa, na yeye mama mtu hakutaka ndugu wa mume aliyemwacha waje wamhesabie mvi.

Rangi yenyewe hakuinunua saluni. Aliichota kwenye chupa yake ya kazi, na hapo ndipo penye mambo.

Mtaa wa Sikukuu unamjua Fakhriya kwa piko. Panda ghorofa ya pili ya jengo lao, lile lenye duka la mabegi chini, uliza Mama Tasneem, utaonyeshwa mlango hata na mgeni. Miaka kumi na tisa anachora maharusi. Hina alifundishwa na bibi yake, lakini hina tupu inataka kukaa mkononi masaa, na ikitoka ni nyekundu ya kutu. Maharusi wa siku hizi wanataka maua meusi tititi, yaonekane kwenye simu. Basi wachoraji wanafanya hivi: wananunua unga mweusi wa kupaka nywele, vile vipakiti vinavyouzwa kwa dazeni, wanaukoroga kwa maji kidogo, wanachorea. Nusu saa umeshika. Ndiyo piko hiyo, wala si siri. Fakhriya akirudi na dazeni zake anakata vipakiti vyote kwa mkasi, anamimina unga kwenye chupa ya kahawa iliyokwisha, na vipakiti pamoja na vikaratasi vyake vinakwenda kwenye taka. Miaka kumi na tisa hakuwahi kukunjua hata kikaratasi kimoja. Asome cha nini, unga si ni ule ule?

Sasa kichwa cha mtu kikiuma mjini hapa kila jirani ni daktari. Wa kwanza alikuja na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu swaumu, akamsugua mpaka akaona nyota. Wa pili akaleta habasoda. Wa tatu akasema hilo ni joto, akampaka mtindi wa baridi, ukatuliza kwa robo saa kisha ukaanza kunuka. Na wote, wakishamaliza kupaka, walimwinamia wakamnong'oneza neno lile lile: umepigwa jicho, Mama Tasneem, watu wanakuonea wivu kwa harusi ya mwanao. Fakhriya alilipenda neno hilo. Jicho ni la mtu mwingine, halikulaumu wewe.

Jumamosi macho yaliposhindwa kufunguka, Tasneem alimshika mkono akamtoa kwa nguvu, wakaenda zahanati moja upande wa Mnazi Mmoja. Daktari Elimringi, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, hakukitazama kichwa kwanza. Alitazama vidole. Vidole vya Fakhriya vilikuwa vimepasuka miaka mingi, naye siku zote aliilaumu sabuni. Akaulizwa anafanya kazi gani, akajibu. Daktari akamtuma Tasneem dukani alete kipakiti kimoja cha ule unga, akakikata, akakunjua kikaratasi, akakilaza mezani. Palichorwa mkono, na juu ya mkono mistari miwili myekundu iliyokatizana.

Akamweleza taratibu kwamba unga huo ni wa nywele, haukutengenezwa kukaa kwenye ngozi. Ngozi nyingine zinauvumilia mara ya kwanza na ya pili, halafu siku moja zinaukataa, na zikishaukataa ni basi, mpaka kaburini. Wewe vidole vyako vimekuwa vinakataa kidogo kidogo, alisema, leo kichwa kimemaliza. Akaandika vidonge na mafuta ya kupaka, akamkataza kuugusa tena maisha yake yote. Halafu, bila kuinua uso, akauliza:

"Uliowachora, hakuna aliyewahi kuungua?"

"Hakuna," alisema Fakhriya.

Alijibu haraka sana. Tasneem aligeuka akamtazama mama yake, kisha akatazama sakafu.

Maana alikuwepo. Alikuwepo Anfal, binti wa mlango wa pili, ambaye tangu utotoni alikuwa anaingia jikoni kwa Fakhriya bila kubisha hodi. Miaka minne nyuma Anfal alichorwa piko Sikukuu ya Idi, akawashwa kidogo, wakacheka. Ilipofika harusi yake na kijana mmoja wa Upanga anaitwa Ubeid, akachorwa tena, mikono yote mpaka kiwiko, bure, zawadi ya jirani. Kesho yake kila ua likainuka likawa lengelenge. Yakapasuka. Shangazi yake Ubeid alikuja siku mbili kabla ya ndoa, akaiona mikono, akamwendea Fakhriya mbele ya watu akamuuliza kama ni piko yake iliyofanya vile. Fakhriya akasema piko yake imepita kwenye mikono ya maharusi mia na zaidi, damu ya mtoto ndiyo yenye kitu. Neno moja tu hilo. Jioni posa ikarudishwa.

Anfal alipona, lakini maua yalibaki, yameinuka kama uzi wa kudarizi chini ya ngozi. Tangu siku hiyo anavaa glovu nyeusi nyembamba, dukani Mtaa wa Kongo anakouza vitambaa na hata nyumbani wakija wageni. Watu wakasema binti kashika dini. Hakumbishia mtu. Na kila asubuhi akikutana na Fakhriya kwenye ngazi alimwamkia shikamoo, kama adabu inavyotaka, na Fakhriya akaitikia marahaba, wakapishana. Miaka minne.

Basi ni huyo huyo aliyebisha hodi Jumapili mchana, na jani la mshubiri mkononi. Alisema amesikia. Hakuuliza kitu. Aliosha yale mafuta yote ya majirani kwa maji ya kawaida, ya baridi, polepole, bila kusugua. Akaliegemeza jani kwenye kikombe kwa muda, akalimenya, akapaka ule ute wake kwa ncha ya kidole. Akatandika foronya ya pamba, akaichukua ile hijabu ya nailoni akaiweka mbali. Fakhriya alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kichwa kilipoa, akalala palepale kwenye mkeka.

Anfal alirudi Jumatatu, akarudi na Jumanne. Alikuwa anavua glovu ili apake vizuri. Fakhriya alizihisi zile alama zikipita juu ya utosi wake, mstari kwa mstari, akakumbuka kila mmoja alivyouvuta: hapa jani, hapa mduara. Roho ilimuuma, wallahi, ilimuuma kweli, wala sisemi hivi kumtetea. Alitaka kusema nisamehe. Akaishia kuuliza kama mama yake Anfal, Bi Maimuna, hajambo.

Ni Anfal aliyesema. Jumanne hiyo, amemaliza kupaka, anajifuta vidole, akamweleza kwamba ameposwa. Mwanamume anaitwa Seifu, mjane, ana duka la vipuri eneo la Gerezani, mtu mpole. Lakini dada yake mkubwa, Najma, kasikia hadithi ya mikono, na hataki mdogo wake aoe mgonjwa akamzalia wagonjwa. Najma atakuja kwenye hina ya Tasneem Alhamisi, na anakuja makusudi, kwa sababu aliyelisema neno la damu ni Fakhriya, na Fakhriya peke yake ndiye anayeweza kulifuta.

"Sitaki uniombe radhi, Mama Tasneem. Akikuuliza, mwambie tu ni ule unga."

"Nitamwambia, mwanangu," alisema Fakhriya, machozi yakimlenga. "Mungu shahidi, nitamwambia."

Na alikuwa na nia. Jumatano aliikataa piko kwa binti yake. Tasneem alinuna, akasema rafiki zake watamcheka, mtoto wa mchora piko kwenda na mikono ya kizamani. Fakhriya hakusikia. Akachekecha hina kavu kama alivyofundishwa na bibi yake, akaikoroga kwa maji ya ndimu, akavaa glovu za plastiki, akamchora kwa masaa matano. Mgongo ukakaribia kukatika. Aliichora ile mikono kwa mapenzi ambayo hakuna bibi harusi yeyote aliyewahi kuyapata kwake kwa pesa.

Alhamisi alasiri sebule ilijaa. Udi ulifuka, mikeka ilitandikwa mpaka ukumbini, na wanawake walikuja na vigelegele vyao. Fakhriya alijifunga kilemba cha pamba, uvimbe umeshuka, nywele zimenyonyoka mafungu mawili lakini hazionekani. Pembeni yake alikaa Bi Sophia wa Mtaa wa Mchikichi, ambaye mabinti zake wawili walikuwa wanaolewa siku moja mwezi ujao, na tangu aingie alikuwa anazungumza piko tu: maharusi wawili, mashemeji, mawifi, watu kumi na wanane, wote kwa Fakhriya. Wengine walisogea nao waandikishe siku zao. Fakhriya alikuwa anaitikia, anatabasamu. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea Tasneem tangu baba yake alipoondoka na begi moja. Nyingine hana.

Najma akasogea na sahani yake ya halua. Mwanamke wa heshima, sauti ya chini. Akaomba radhi kwa kuuliza jambo kama hilo siku ya furaha, lakini ndoa si mchezo. Yule binti wa mlango wa pili, mikono yake ile, ilikuwa nini hasa?

Bi Sophia aliinamisha sikio. Na waliokuwa wanaandikisha siku zao wakageuza shingo. Anfal alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la vikombe vya kahawa, amevaa glovu zake, hasogei.

Neno lilikuwa fupi. Ni unga wangu. Fakhriya alilihisi limefika kwenye meno. Akamwona Bi Sophia na watu wake kumi na wanane wakishuka ngazi, akaiona chupa ya kahawa imekaa tupu juu ya kabati, akaona na kodi ya nyumba.

"Ya zamani hayo, dada yangu," alisema. "Siri ya mwili wa mtu anaijua Mungu."

Najma alitikisa kichwa polepole, akamshukuru kwa ukweli wake. Halafu macho yake yakaangukia mikono ya Tasneem iliyolazwa juu ya mto, akasema kwa upole kwamba ni mizuri, ila ameshangaa, mtoto wa Mama Tasneem hina tupu? Bila piko hata nukta? Fakhriya akacheka. Akasema bwana harusi ndiye aliyetaka, watu wa kizamani wale.

Anfal aliweka sinia chini. Alipita katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya Tasneem, akaichukua mikono yake miwili, akaitazama kwa muda.

"Imetoka vizuri," alimwambia. "Hii haitakuwasha."

Tasneem alianza kulia. Wanawake wakasema ndivyo walivyo maharusi, wakapiga kigelegele.

Harusi ilipita, ilikuwa nzuri, na ndugu wa mume walikuja wakala wakaondoka bila kuona mvi. Seifu hakuja tena kwa kina Anfal, wala hawakuletewa sababu. Kichwa cha Fakhriya kilichelewa kupona. Alinunua majani ya mshubiri mwenyewe, akayakata na kujipaka palepale, yakamwasha vibaya, kwa sababu alikuwa amefumba macho siku zote tatu na hakuona kwamba Anfal anaanza kwa kuliacha jani lidondoshe ule utomvu wa njano kikombeni. Mtu wa kumuuliza alikuwa mlango wa pili. Hakwenda.

Mwezi uliofuata aliwachora wale kumi na wanane. Anavaa glovu siku hizi akikoroga, na wateja wanamsifu kwamba Mama Tasneem kawa wa kisasa, anajali usafi. Asubuhi ya kazi hiyo alikuwa anashuka ngazi na chupa yake kwapani, akamwona Anfal anapanda kutoka sokoni na mfuko wa mboga. Walikaribiana. Fakhriya akajisogeza ukutani kumpisha, kama kawaida.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Anfal alikuwa ameshampita. Hakuwa amemwamkia.