Shangazi na Sifa Zilizozidi

Shangazi yangu husifu mpaka milango. Mlango wa jikoni ukifunguka bila kukwama, anauambia, "Hongera!" Mumewe akiosha sahani moja, husifiwa kama aliyejenga daraja. Nadhani ndiyo maana haoshi ya pili.

Sasa, kwa bahati nzuri au mbaya, yeye ndiye mwalimu wetu wa hisabati. Nyumbani namwita Shangazi, darasani Mwalimu, na ulimi ukiteleza nachekwa wiki nzima.

Darasani ukijibu swali, hata nusu, anasema, "Mpeni yake!" nasi tunapiga makofi matatu, pa-pa-pa. Ukisimama tu bila jibu, pa-pa-pa. Yule anayekaa nyuma, tunayemwita Profesa, aliwahi kupigiwa makofi kwa kukumbuka kuja na rula.

Shida ilianzia kwa jirani yangu wa deski. Tunamwita Kimya. Hesabu anaziweza kuliko anavyodhani, ila hufuta na kufuta mpaka karatasi inatoboka. Jumatatu moja Mwalimu alipita, akaona jibu sahihi, akanyanyua daftari la watu juu kama kombe.

"Jamani, mtazameni mwenzenu! Leo amepata! Mpeni yake!"

Darasa likalipuka. Profesa akapiga na mluzi juu. Kimya akaingiza kichwa ndani ya sweta, akabaki humo mpaka kengele.

Kesho yake alikuja na barua ya mama yake: ahamishiwe mkondo wa pili.

"Ahame?" Shangazi aliniuliza jioni, tukimenya viazi. "Mtoto niliyemsifu vile?"

"Ndiyo sababu yenyewe, Shangazi."

"Kwani sikumsifu vya kutosha?"

"Ulimsifu mno. Halafu ukasema leo amepata. Sasa siku nyingine zote?"

Kiazi alichoshika akakimenya mpaka kikabaki kama gololi.

"Mbona hukuniambia mapema kwamba makofi yanakera?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikifungua mdomo unanipigia makofi."

Asubuhi alimwita Kimya kando. Mimi nilikuwa nafuta ubao, na masikio yangu hayana pazia. "Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," alimwambia. "Ukiwa bado unataka kwenda, nitasaini mwenyewe, bila neno." Kimya akaitikia kwa kichwa.

Ungemwona Shangazi akijizuia! Alinunua kalamu ya kijani. Akifika kwenye daftari la Kimya, hakugusa kosa, alipiga mstari chini ya hatua ya mwisho iliyo sawa, akaandika pembeni: "Hadi hapa uko sawa. Umefungua mabano vizuri." Kisha akaondoka, mashavu yamemjaa sifa zisizo na pa kutokea.

"Mwalimu, unaumwa jino?" Profesa akauliza.

"Fanya kazi yako, baba."

Mwanzoni ule mstari wa kijani ulikuwa juu kabisa ya ukurasa. Siku baada ya siku ukateremka. Nikaona pia kwamba kifutio cha Kimya kinalala tu. Akikosea, anarudi kwenye mstari wa kijani, anaanzia hapo.

Alhamisi ya wiki ya pili Profesa alikwama ubaoni. Alijikuna kichwa, akaitazama dari, akaipuliza chaki. Mara nikasikia sauti ubavuni kwangu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikivuka deski letu.

"Hadi mstari wa pili uko sawa. Wa tatu umesahau alama ya kutoa."

Tuligeuka wote. Shangazi alijibana mikono nyuma ya mgongo, nadhani isije ikapiga makofi yenyewe. "Ni kweli," akasema taratibu. "Umeangalia alama." Basi. Profesa akasahihisha, hesabu ikatoka.

Ijumaa kengele ya kwenda nyumbani ililia, wengine wakatoka mbio. Shangazi akaja kwenye deski letu na ile barua, kalamu mkononi.

"Siku yetu imefika. Nisaini?"

Kalamu ilikuwa bado na kifuniko. Mimi niliiona. Kimya hakuiona, maana hakuinua kichwa.

"Subiri kidogo, Mwalimu. Niko swali la sita, na la saba ndilo ninalolitaka."

Shangazi akaichomeka kalamu mfukoni. Akavuta kiti, akaiweka barua mapajani, akakaa kusubiri.